Siku ya kufungua tenda

Saa 11 alfajiri. Nimeshaswali, chai iko jikoni, na mimi natia nambari kila ukurasa wa tenda ya vifaa vya usafi: sabuni ya maji, mopu, dawa ya choo. Kurasa zote, hata nakala za vyeti. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya 2015 yataka hivyo, na kamati ikikuta ukurasa umerukwa yaweza kukutoa kabla hata bei yako haijatazamwa. Wengi wanaolalama kwamba tenda zina wenyewe huangukia hapa. (Nyingine zina wenyewe kweli, sikatai.)

Saa 1, feri ya Likoni. Bahasha nimeikumbatia.

Saa 2 niko saiba (duka la intaneti), Digo Road, nahakikisha cheti cha kodi cha KRA, mamlaka ya kodi, bado kinasoma. Hicho hudumu mwaka mmoja tu. Cha AGPO, mpango wa serikali wa tenda za makundi maalumu, ninacho, na ndicho kilichonifungulia mlango: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kujisajili ni bure, kwa hivyo anayekudai ya chai mkimbie. Tena sisi hatuombwi dhamana ya benki, twajaza fomu ya tamko basi. Kwa biashara ndogo hilo si jambo dogo.

Saa 4 kamili sanduku la tenda limefungwa. Kijana mmoja ameshuka bodaboda dakika chache baadaye, jasho linamtiririka. "Pole kaka, muda umekwisha." Hakuna kubembelezana.

Bahasha zafunguliwa papo hapo mbele yetu, na bei kusomwa kwa sauti. Watu wengi hawaji, huona ni kupoteza wakati. Mimi huja na daftari nikaandika bei ya kila mtu, maana hakuna pengine utakapoonyeshwa bure wenzako wanauzaje. Leo mmoja ameweka sabuni chini ya bei ya jumla ya hapa mjini. Huyo akipewa, ataleta maji ya bomba yenye povu.

Saa 8, ofisi nyingine, kufuatilia malipo. LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, ipo, hati ya kupokea mzigo imetiwa saini na muhuri, ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara wa KRA) wanayo.

"Mwanangu, faili liko kwa mkubwa," aniambia mama wa uhasibu.

"Haya mama, nitarudi Alhamisi."

Ndiyo maana bei yangu huhesabu na miezi ya kungoja. Anayepiga hesabu ya bidhaa na nauli peke yake, faida yote itaishia kwa wenye kumkopesha. Women Enterprise Fund, mfuko wa serikali wa wanawake, hukopesha kwa LPO; bora huko kuliko kwa shailoki wa mtaani.

Saa 2 usiku napekua matangazo mapya kwenye simu. Vifaa vya maabara, naruka, si kazi yangu. Mashuka ya hospitali, mwisho wiki ijayo. Nampigia shoga yangu fundi cherehani.

"Cheti cha AGPO unacho?"

"Kimekwisha muda, shoga."

"Basi kesho asubuhi tuonane Huduma Centre, na uje na cha kodi."