Nilivyoifanya Spectrum Isome Kaseti Tena

ZX Spectrum ni kompyuta ya nyumbani iliyotoka Uingereza mwaka 1982, na ukiizima, kila kilichokuwa ndani kimekwenda. Programu zake hukaa kwenye kaseti zile zile za muziki, na kwa maelezo ya watengenezaji wake, Sinclair, karibu redio kaseti yoyote inatosha. Yangu haikutosha. Ilicheza rhumba vizuri tu, lakini kompyuta ilikataa kila kaseti.

Nikaibeba hadi kwa fundi wa redio pale Kibuye, Kisumu. Akausikiliza ule mlio wa data, akacheka. "Sauti iko sawa, ndugu yangu. Ni wimbo wako ndio mbaya."

Kwa sikio alisema kweli, ila kompyuta haisikilizi sauti, inapima muda. Spectrum huhesabu muda kati ya volteji kupanda na kushuka: mapigo mawili ya mikrosekunde 244 kila moja ni biti ya sifuri, mawili ya mikrosekunde 489 ni biti ya moja. Kabla ya data huja mlio mzito wa kuongoza, kama hezi 800 hivi, na ukingo wa skrini hupiga mistari myekundu na ya samawati. Data ikianza, mistari hugeuka ya buluu na ya manjano. Kwangu mistari ya kwanza ilitulia vizuri, mambo yakaharibika data ilipofika, na biti za sifuri zina mawimbi yapatayo 2,000 kwa sekunde. Kumbe mazito yalipita, mepesi yakapotelea njiani.

Basi nikaanzia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda. Pamba yenye spiriti ilitoka na uchafu wa kahawia, ule unga wa mkanda wenyewe. Kisha nikaishika skrubu ndogo ya kando inayoinamisha hedi. Ufa mwembamba wa hedi lazima ukate mkanda kwa pembe mraba; ukiinama kidogo tu, sauti nyembamba ndizo hufa kwanza. Niliizungusha polepole kaseti ikicheza, nikaiacha pale mlio ulipokuwa mkali zaidi. (Weka alama pa zamani kabla ya kugusa. Kaseti ulizorekodi na hedi iliyoinama husomeka vizuri zaidi na hedi iliyoinama vivyo hivyo.) Belti ilikuwa imelegea, fundi akanitafutia nyingine.

Kaseti kadhaa zikafunguka, nyingine zikagoma. Nikazirekodi kwenye laptopu nione umbo la mawimbi: yalikuwa ya mviringo, tena mafupi. Hedi hutoa volteji ndogo mno, na Sinclair waliiachia amplifaya ya redio kazi yote ya kuikuza. Ndiyo maana sauti lazima ifunguliwe karibu hadi mwisho. Commodore, kampuni nyingine ya kompyuta, walifanya tofauti: Datasette, mashine yao ya kaseti, ina saketi ndani yake inayoyanyoosha mawimbi kuwa mapigo ya pembe kabla hayajafika kwenye kompyuta.

Nikaiga wazo hilo. Kapasita moja, rezista chache na IC ya LM393, inayolinganisha volteji mbili, na rezista moja inarudisha kiasi cha pato kwenye ingizo ili kelele ndogo isiigeuzegeuze hali yake. Tangu hapo sihangaiki tena na kitufe cha sauti, na programu kubwa ya kilobaiti 48 huingia kwa dakika kama tano.

Ukitaka kurekodi, chomoa kwanza waya wa EAR (wa kusomea kaseti), ubaki wa MIC (wa kurekodia) pekee. Zote mbili zikiwa ndani, ishara huzunguka na kurudi, rekodi ikaharibika.