Siku moja maishani mwangu: kuandaa vifaa vya kuzamia maji baridi

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya chai nakagua regyuleta mbili, vifaa vya kupumulia hewa ya mtungi, nilizoanika ndani usiku kucha. Napapasa pale zinapofungwa kwenye mtungi. Nikihisi unyevu, haziendi popote. Hewa ya mtungini ikitanuka ndani ya regyuleta huipoza chini ya sifuri, hata kama maji yenyewe ni nyuzi 4. Tone moja likiganda humo, valvu inakwama wazi na hewa inamwagika yote.

Saa moja. Suti kavu, ile isiyoingiza maji: nta kwenye zipu, poda kwenye mpira wa shingo na wa mikono. Nguo za ndani ni za sufu. Pamba siivai kamwe, hunywa jasho na kunigandisha.

Saa mbili. Napunguza vyuma vya risasi, vile vizito vya kunizamisha. Maji ya ziwa hayakuinui kama ya bahari, na mimi na vifaa vyangu tuna karibu kilo 100, kwa hiyo natoa kilo 2 na nusu.

Saa tatu na nusu, ziwani. Mitungi iliyosoma baa 200 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) chumbani sasa inasoma kama 190. Haivuji, ni baridi tu, ila hesabu ya hewa naifanya kwa 190.

Kila mtungi wangu una valvu mbili, na kila valvu ina regyuleta yake. Mwaka jana, mita 18 chini, moja iliganda ikaanza kufoka. Mwenzangu alifunga valvu ile, nikahamia ya pili, tukapanda taratibu. Tangu siku hiyo tunafanya zoezi la kufunga valvu ufukweni, na glavu nene mikononi, kila safari. Nampenda kwa kutochoka nalo.

Saa nne na nusu. Tunaingia. Sivuti pumzi kwenye regyuleta mpaka iwe chini ya maji, maana pumzi yangu yenyewe ni mvuke. Suti naijaza hewa kidogo kidogo, wala sivuti pumzi wakati huohuo.

Saa tano kamili tumetoka. Midomo mizito, tunacheka hovyo.

Saa kumi na mbili jioni. Nakausha vifuniko vya regyuleta kwa kitambaa kwanza, ndipo navifunga. Wengi hukausha regyuleta wakasahau kifuniko, na maji yaliyobaki humo huingia ndani. Kisha nazining'iniza tena, mdomo chini.