Mdudu yule alikuwa juu ya ua gani?

Kumbukumbu ya mdudu au ua inahitaji mambo manne: kilichoonekana, mahali, tarehe na jina la aliyekiona. Mimi nasisitiza la tano, yaani ua alilotua mdudu. Liandike palepale, maana nyuki utamkumbuka jioni lakini ua utakuwa umelisahau.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, subiri siku kavu yenye jua na upepo mdogo. Chini ya nyuzi 13 za Selsiasi vipepeo wengi hawaruki, na utaandika "hakuna" kumbe wamejificha.

Kwa kuhesabu, weka fremu ya sm 50 kwa sm 50 juu ya maua ya aina moja, hesabu kwanza maua yenyewe, kisha kwa dakika 10 andika kila mdudu anayetua. Anayehama ua hadi ua ndani ya fremu huhesabiwa mara moja. Simama kivuli chako kisipoangukia maua, la sivyo utawafukuza. Asipotua hata mmoja, andika 0. Sifuri hiyo ina thamani sawa na namba nyingine yoyote.

Wanaokanganya zaidi ni nzi wenye mistari ya njano na nyeusi. Nzi ana jozi moja ya mbawa, nyuki ana mbili. Ila nyuki akitulia mbawa zake hulaliana zikaonekana jozi moja. Kwa hiyo mtazame usoni. Nzi hawa wana macho makubwa yaliyojaa kichwa na vipapasio vifupi mno; vya nyuki ni virefu na vimepinda kama kiwiko. Piga picha ya juu, ya ubavuni na ya usoni.

Ua nalo lipigwe upande wa chini, pamoja na shina na majani ya chini, rula ikiwa kando. Maua ya njano ya jamii ya alizeti hufanana mno kwa juu; mara nyingi vijani vilivyozunguka kitako cha ua ndivyo huyatofautisha. Usiling'oe.

Programu ya simu ikipendekeza spishi, usiipokee upesi. Nyuki wengi wadogo hawatambuliki kwa picha, hivyo ishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Tena usibofye "nakubali" kwa kumfurahisha mwenzako: iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe, hutegemea kura hizo kupandisha rekodi hadi "daraja la utafiti", yaani ile inayofaa kutumiwa na watafiti.

Ua la okidi likiwa adimu, ficha mahali lilipo kabla ya kupakia rekodi yake mtandaoni, kwani wapo wanaozichimba okidi.