Ndoo ya maji ilivyonisaidia kumnyoosha mpwa wangu kwenye besiboli

Tuanze na jina. Nilipowaambia majirani hapa Pasua, Moshi, kwamba jioni namfundisha mpwa wangu gongo, mama mmoja alinitazama kama mtu wa kupelekwa kwa mjumbe. Mtoto wa miaka 12, gongo! Tangu siku hiyo tunaliita rungu. Mchezo wenyewe ni besiboli, ule wa kupiga kwa rungu mpira unaorushiwa. Niliujua nikiwa sekondari Dar, kwa Mjapani mmoja aliyekuwa akijitolea kutufundisha, na kusema kweli sikuwa mchezaji wa kutisha.

Dogo hamu alikuwa nayo, ila alipiga kama anafyeka nyasi za shule kwa slesha. Miguu imeganda, mikono inahangaika peke yake, rungu linashuka kutoka juu. Akibahatika kuugusa mpira, unabiringika hadi miguuni pangu. Nami nikawa mwalimu wa ovyo. Kila akikosa, nampa neno jipya: inua kiwiko, kunja magoti, tazama mpira, tia nguvu! Wiki ya tatu akaniuliza kwa upole, "Mjomba, sasa nianze na lipi?" Nikakosa jibu.

Ikabidi nikae chini nimtazame bila kusema. Kumbe hata mikono alikuwa ameipishanisha: anapiga kwa mkono wa kulia, lakini huo wa kulia ndio ulikuwa chini, karibu na kitako cha rungu. Hank Aaron, yule Mmarekani aliyestaafu na hom-rani 755 (yaani mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja), naye utotoni alishika hivyohivyo, kwa hiyo sikumcheka. Nilimgeuzia tu, wa kushoto chini, wa kulia juu yake, na suala hilo likaisha siku hiyohiyo.

Rungu nalo halikuwa lake. Nililiokota kwenye mitumba pale Memorial, la mtu mzima, sentimita 86. Nilimwambia alishike kwa mkono mmoja, aunyooshe pembeni, nihesabu. Sijafika kumi, mkono unatetemeka. Nikaenda kwa fundi wa kukereza, akanitolea la sentimita 75 la mgrevilea. Lilidumu wiki mbili likakatika shingoni, kwa sababu nyuzi za mbao zilikuwa zimekwenda mshazari. La pili nilisimama mwenyewe nikachagua ubao ambao nyuzi zake zinanyooka toka mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo tunalo hadi leo.

Lakini bado alikuwa anafyeka.

Jibu lilitoka uani. Jioni moja dada alimtuma akamwage maji ya kufulia kwenye migomba. Ndoo ilikuwa imejaa, na mgomba wa mwisho uko mbali, hakutaka kukanyaga tope. Akasimama ubavu, akaivuta ndoo nyuma, akatanguliza mguu wa kushoto, nyonga ikageuka, ndipo mikono ikafuata. Maji yakaruka yote kwa pamoja hadi kwenye shina. Nikapiga kelele, "Rudia!" Akadhani amekosea.

Ndoo nzito haikubali kurushwa kwa mikono mitupu. Kiuno kisipotangulia, maji yanakumwagikia miguuni. Rungu ni jepesi, linakuachia udanganye, ndoo haikuachii. Basi tukawa tunamwaga nusu ndoo mara tano, kisha anashika rungu na kupiga mpira uliotulia. Stendi ya mpira niliiunda kwa bomba la plastiki nililolisimika kwenye kopo la rangi lililojaa zege. Ndoo tano, mipira kumi, ndoo tano. Dada alilalamikia maji mpaka nikaanza kuokoteza ya kuoshea vyombo.

Maneno niliyapunguza yakabaki mawili: "Kama ndoo." Na sikumtazama mikono tena, nilitazama ardhi. Vumbi likiwa limelowa, kandambili ya mguu wa nyuma inaacha alama. Siku za mwanzo ilikuwa alama ya unyayo ulionyooka, umetulia kama wa mtu anayesubiri daladala. Baada ya wiki kama mbili nikaona kiduara mahali pa vidole, na kisigino hakikugusa kabisa. Nyonga imezunguka. Siku hiyo mpira ulipita juu ya banda la kuku.

Macho yalichukua muda zaidi. Alikuwa anageuza kichwa kutazama mpira unakoenda kabla hata hajaupiga. Kule Jamhuri ya Dominika watoto hucheza kwa kupiga vifuniko vya madumu ya maji kwa mpini wa ufagio, nasi tukachukua visoda vya dukani kwa jirani. Kisoda hakinyooki, kinapepea, kinashuka ghafla. Usipokifuata hadi mwisho hukipati. (Namrushia nikiwa nimesimama pembeni, si mbele yake. Kingo za kisoda si za kuchezea.) Siku ya kwanza alipata 2 kati ya 30. Sasa akipata chini ya 10 ananuna.

Tatizo lililobaki ni mpira unaomjia juu: bega la mbele linafunguka mapema, anarudia kufyeka. Tunalifanyia kazi. Ile ndoo mpini wake umeng'oka, nimemnunulia dada nyingine, na ya zamani tumeifunga kamba ibaki ya mazoezi.