Duara halikutokea

Leo nimefuata majibu ya mkojo wa mama. Wiki nzima kameza amoksilini, homa iko palepale.

Dada wa maabara akanionyesha sahani yenyewe, walikootesha bakteria wa mkojo wake. Vikaratasi vya duara, kila kimoja na dawa yake. Kimoja kimezungukwa na eneo safi, bakteria hawakuota.

Cha amoksilini? Wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, kama nyasi za masika.

"Hawa wana kimeng'enya," akasema. "Kinapasua pete ya beta-laktamu, sehemu ya dawa inayoua bakteria, dawa inakosa nguvu."

Na jeni lake wanapeana kwa plazmidi, vipande vidogo vya DNA, hata na bakteria wa aina nyingine! Majirani wanaazimana kisu.

Bado naiona ile sahani.

Nani hapa alipimwa hivi kabla ya kupewa dawa? Sisi tulinunua tu dukani 🙈