Siku moja maishani mwangu: naitafuta nyumba ya Adinda, niko Leiden

Saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi. Simu imelia mara ya tatu. Nje giza bado, na mvua ni ile ya hapa Uholanzi, manyunyu yasiyokatika yanayopeperushwa na upepo hadi yakuingie masikioni. Nachemsha chai ya tangawizi huku natafuta soksi ya pili. Nyumbani Tanga wakisikia nasoma fasihi Ulaya hudhani nashinda dirishani na kitabu mapajani. Asubuhi zangu nyingi zinaishia kwenye soksi.

Nachosoma ni nadharia za kisasa za fasihi, na uwanja wangu wa kuzijaribia ni riwaya ya Kiholanzi. Nikisema hivyo watu hunyamaza kidogo, halafu: "Kwani Waholanzi wana riwaya?" Wanazo. Mwaka huu naishi na Max Havelaar, iliyotoka 1860. Mwandishi wake, Eduard Douwes Dekker, alikuwa ofisa wa kikoloni huko Lebak, kisiwani Java, Indonesia ya leo. Mwaka 1856 alimshtaki mtawala mwenyeji wa pale kwa kuwanyonya watu wake, wakubwa hawakumuunga mkono, akajiuzulu. Akaandika kwa jina la Multatuli, yaani "nimebeba mengi" kwa Kilatini. Sentensi yake ya kwanza naipenda zaidi ikiwa ya Kiswahili: "Mimi ni dalali wa kahawa, nakaa Lauriergracht, nambari 37." Dalali! Neno moja tu, na mtu mzima amekaa mbele yako na daftari lake la hesabu.

Saa mbili u nusu. Baiskeli, upepo wa uso, kisha maktaba ya chuo pale Witte Singel. Njiani napita chini ya mashairi yaliyochorwa kwenye kuta za nyumba, mji huu una zaidi ya mia moja, kwa lugha za kila namna. Napanda moja kwa moja hadi juu, kwenye maktaba ya Asia iliyofunguliwa 2017. Leo nimekuja kwa ajili ya mti.

Ndani ya riwaya kuna hadithi ya vijana wawili, Saidjah na Adinda. Nyati wa baba yake Saidjah ananyang'anywa, tena na tena, mpaka nyumba inafilisika. Saidjah anaondoka kwenda Batavia, Jakarta ya leo, kutafuta fedha ya nyati na ya mahari. Anamwambia Adinda: kila mwezi ukiandama, chora mstari kwenye kinu chako cha mpunga. Ikitimia mara tatu kumi na mbili, nisubiri chini ya ketapan, pale uliponipa ua la melati. Melati ni asmini, hilo nilikuwa nalijua. Ketapan nilikuwa nikiuruka tu, mti wa ng'ambo, basi. Leo nimefungua kitabu cha mimea ya Java, nikakuta jina lake la kisayansi, nikalitafuta kwa Kiswahili. Mkungu! Mti tuliokaa chini yake utotoni tukipasua kungu kwa mawe, vidole vikibaki vyekundu. Kinu, asmini, mkungu. Nimemaliza nusu saa bila kuandika neno.

Saa nne na robo. Semina. Ratiba inasema saa nne kamili, lakini chuo hiki kina robo saa yake ya heshima, na mimi Mswahili sina la kulalamikia. Tunamsoma Mieke Bal, Mholanzi aliyeandika nadharia ya usimulizi iliyofika mbali kuliko riwaya nyingi za kwao. Kabla yake mwananadharia Mfaransa, Genette, mwaka 1972, alitenganisha maswali mawili tuliyokuwa tukiyachanganya: nani anasema, na nani anaona? Bal akalisukuma mbele lile la pili. Kila kinachosimuliwa kimepita kwenye jicho la mtu fulani, na kazi ya msomaji ni kumtafuta mwenye jicho. Katika Max Havelaar ni kazi kwelikweli: dalali anashikilia kitabu, kijana wa Kijerumani aitwaye Stern anaandika sura nyingi, akichota kwenye furushi la makaratasi la mtu mwingine. Saidjah yuko chini kabisa ya rundo hilo.

Chakula cha mchana: mkate, jibini, mkate. Tupite.

Saa saba u nusu. Kwa msimamizi. Waholanzi huita wakati huu "nusu mbili", yaani imebaki nusu kufika mbili ya saa za Kizungu; mimi nilisikia mbili na nusu, na miadi yetu ya kwanza kabisa nilichelewa saa nzima. Siku hizi nawahi. Nina tabia ya kutafsiri kila kipande kwa Kiswahili daftarini kabla ya kukichambua, nisikie kinavyolia. Leo nimemsomea kile ambapo Saidjah amerudi, kasubiri chini ya mkungu, Adinda hakuja, anakimbia kijijini Badoer kuitafuta nyumba yake. Nilikuwa nimeandika: "Kumbe nyumba ya Adinda haikuwepo tena."

Hajui Kiswahili, lakini sikio lake limelinasa lile neno la kwanza. Ni nini hicho? Nikamweleza: ni sauti ya mtu anapogundua jambo lililokuwepo siku zote. Akavua miwani.

"Sawa. Ya nani?"

Nikabaki nimekodoa. Kumbe ya nani?

Saa nane hadi saa kumi na moja. Nimerudi kwenye meza yangu na sentensi moja. Kiholanzi chake, kikigeuzwa bila kuongezwa chumvi, kinasema hivi: wanawake wa Badoer wakatoka majumbani, wakamwona kwa huzuni maskini Saidjah amesimama, kwani walimtambua, wakaelewa kuwa anaitafuta nyumba ya Adinda, nao walijua kwamba Badoer hapakuwa tena na nyumba hiyo. Hapana kumbe! Saidjah hajagundua bado. Wanawake hawana la kugundua, wanajua tangu zamani. Kumbe nimeipachika mimi, niwahi machozi. Hadi mstari huo tulikuwa ndani ya macho ya kijana, tukikimbia naye. Ghafla jicho limehamia kwa akina mama mlangoni, na ukatili wote wa habari umo katika mwendo huo mdogo. Nimekata neno moja, nimeandika kurasa mbili kuhusu kulikata. Nimefurahi kupita kiasi, nikaondoka nikiisahau kofia.

Saa moja usiku. Mama kapiga. Kwao ni saa tatu, ameshakula. Nikamsimulia mkungu, akacheka. Akataka hadithi yote, nikampa: familia ya Adinda ilivyotorokea Lampung, kisiwani Sumatra, Saidjah akawafuata, akamkuta Adinda maiti kwenye kijiji kilichotekwa na kuchomwa na askari wa Kiholanzi, naye akawaendea askari hao, akajitupa kwenye singe zao.

"Wote wamekufa?"

"Wote, mama."

"Sasa aliyeona akaja kusimulia ni nani?"

Nikamwomba asubiri. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko, chini ya koti lililolowa.