Seva yetu ni mpakato uliovunjika kioo

Tulipotangaza kwamba vyuo vitatu vidogo, kimoja Mtwara mjini, kimoja Masasi na kingine Nachingwea, vinataka kugawana wakufunzi kwa njia ya kompyuta, washauri walituzonga kama nzi kwenye mabibo. Wa kwanza: vuteni faiba kwanza, yaani waya wa intaneti ya kasi. Wa pili: bila seva, kompyuta ya kuhifadhi na kugawa masomo, ya milioni nane msijisumbue. Wa tatu, mwenye tai, alitaka tufundishe mubashara kwa Zoom, mkufunzi akae Mtwara na madarasa matatu yamsikilize. Hakuna aliyeuliza tuna wanachuo wangapi, wala umeme unakatika mara ngapi.

Huyo wa Zoom tulimsikiliza. Bando ya wiki nzima iliisha siku ya pili. Kabla haijaisha, mkufunzi alikuwa anajisikia mwenyewe sekunde mbili baada ya kusema, kwa sababu maikrofoni ya ukumbi wa Masasi iliidaka sauti yake kutoka kwenye spika ya ukumbi huohuo na kumrudishia. Mwangwi una dawa: kila ukumbi uzime maikrofoni mpaka mtu anapouliza. Bando haikuwa na dawa.

Mpango tulionao sasa hauhitaji intaneti darasani. Kila chuo kina seva yake yenye Moodle, programu ya kuendeshea masomo na majaribio, ambayo ni ya bure. Wanachuo wanaingia kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya chuo, na masomo yanasafiri kwa flashi ndani ya basi. Wanaocheka wapige hesabu. Mzigo mmoja wa video na vitini vya muhula ni kama gigabaiti 20. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 1 kwa sekunde, mzigo huo unataka saa 44 mfululizo bila kukatika hata mara moja. Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200, na basi la alfajiri hufika mchana haujaingia.

Video zenyewe tunazibana kwa HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video: picha ya mistari 480, kilobiti 500 kwa sekunde. Saa moja ya kipindi inakuwa megabaiti 225 hivi. Ubao unasomeka, ilimradi mkufunzi aandike kwa herufi kubwa. Sauti msiibane sana. Picha yenye ukungu watu huvumilia, lakini sauti ya kukwaruza wanaifunga dakika ya tatu.

Tulianza na Raspberry Pi 4, kile kikompyuta kinachoenea kiganjani. Kila mtu anakisifu, na kweli kinakula umeme kidogo, wati sita au saba kikiwa kazini. Ila kina maradhi matatu ambayo wasifiaji hawayataji. Kwanza, kinataka volti 5 na ampea 3 za kweli. Ukikipa chaja ya simu na waya mwembamba wa dukani, volti zinapotelea njiani. Zikishuka chini ya 4.63 kinapunguza kasi, na diski ya nje inajitoa katikati ya kazi. Pili, kadi ya kumbukumbu: umeme ukikatika wakati hifadhidata inaandika, kadi inaharibika, na Moodle huandika muda wote. Tuliua kadi mbili ndani ya mwezi mmoja.

La tatu ni saa. Hicho kikompyuta hakina saa yenye betri. Kikizimwa, kinaporudi kinaanzia pale kilipoachia na kusubiri intaneti ikisahihishe. Intaneti yenyewe ndiyo hiyo hatuna. Jaribio la Ujasiriamali lilipangwa Jumatatu saa 2:00 asubuhi kwa vyuo vyote. Jumapili umeme wa Mtwara ukapotea kwa muda wa saa sita. Jumatatu asubuhi seva ya Mtwara ikaamini ni saa 8 usiku, ikawaambia wanachuo jaribio bado. Masasi umeme ulikuwepo, wakafanya kwa wakati wao. La Mtwara likafunguka lenyewe saa 8 mchana, na kufikia hapo maswali yote kumi pamoja na majibu yake yalikuwa yameshatua WhatsApp. Darasa zima lilipata 10 kati ya 10. Kumbukumbu za Moodle zinaonyesha mmoja alimaliza ndani ya sekunde 48, na bado hajanieleza aliyasoma saa ngapi.

Dawa ya saa ni kipande kinachoitwa DS3231 chenye betri ndogo ya CR2032. Kina waya nne: umeme wa volti 3.3, ardhi, SDA (waya wa data) kwenye pini ya 3 ya kikompyuta na SCL (waya wa mapigo) kwenye pini ya 5. Kisha unaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio la kikompyuta, config.txt, dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Dawa ya WhatsApp ni kuweka maswali 40 kwenye benki na kuiacha Moodle imchagulie kila mmoja kumi yake.

Kufikia hapo kikompyuta, diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka), chaja halisi, saa na betri ya kukilinda vilikuwa vimeshakula laki tano na ushee kwa chuo kimoja. Ndipo tukageukia mipakato iliyovunjika vioo, na hili nitaendelea kujisifu nalo mpaka nistaafu.

Kwa fundi, mpakato wenye kioo kilichopasuka ni mzoga, anauuza kwa bei ya vipuri. Seva haina haja ya kioo. Ndani ya huo mzoga kuna betri, kwa hiyo umeme ukikatika seva haizimi. Kuna saa yenye betri yake, kuna tundu la waya wa mtandao, na SSD inaingia bila kuunga kitu. Tulipata mitatu yenye prosesa ya i5 na RAM ya gigabaiti 8. Miwili ilikuwa laki moja na nusu hivi kila mmoja, wa tatu ukapanda hadi laki na themanini kwa sababu muuzaji alianza kushtuka: hawa vioo vilivyopasuka wanavitakia nini?

Kabla hujatoa hela, uchomeke kwenye skrini ya nje, uwashe, kisha uchomoe chaja na uuache ufanye kazi. Ukizima kabla ya saa moja, betri imechoka, omba upunguziwe. Mulika tundu la waya wa mtandao kwa tochi. Kwa chumvi ya pwani yetu pini zake hupata kutu ya kijani, na tundu la namna hiyo litakusumbua kwa kukatakata mpaka ulaumu programu. Kama mpakato unaruhusu, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80. Betri inayokaa imejaa mwaka mzima kwenye joto la Mtwara huvimba na kuinua kibodi.

Tulifanya makosa mawili baada ya kununua. Kwa kuogopa wezi tuliufungia mpakato kabatini, feni ikawa inazungusha hewa ileile ya moto mpaka kurasa zikawa zinafunguka kwa kusuasua. Sasa umekaa juu ya vipande viwili vya mbao, mahali penye hewa, na wezi tunawazuia kwa mlango. Kosa la pili lilitokea Nachingwea: kila asubuhi saa moja seva ilipotea, ikarudi saa nne. Tulibadili waya, tukabadili ruta. Kumbe mhudumu wa usafi, mtu nadhifu sana, alikuwa anafunika mpakato kila akifagia, nao ukifunikwa unalala. Kwenye seva fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, washa upya, mwache mama wa watu afunike apendavyo.

Kusakinisha Debian (mfumo endeshi), PHP na MariaDB (lugha na hifadhidata ambazo Moodle inazitegemea) na Moodle yenyewe sitaeleza, maelekezo yamejaa kila mahali. Nitasema kuhusu anwani, yaani namba ya seva kwenye mtandao. Moodle imeandikiwa anwani yake ndani ya faili lake la mipangilio, config.php, kwenye mstari wa wwwroot. Ruta ikiipa seva namba nyingine, Moodle inaendelea kuwapeleka watu kwenye namba ya zamani, ambako hakuna kitu. Vyuo vingine wanahangaika kuibadilisha kila mahali. Sisi tuliipa seva ya kila chuo namba ileile, 192.168.50.1. Vyuo havijaungana kwa waya, kwa hiyo namba hazigombani, na diski moja iliyokamilika inanakiliwa kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, ikaenda popote bila kuguswa. Angalizo: diski ya asili iwe ndogo kuliko zote. Ya kwetu ilikuwa ya 256, za kunakilia zilikuwa za 240, Clonezilla ikagoma, na siku mbili zikapotea kwa gigabaiti 16 ambazo hazikuwa na kitu ndani.

Wiki za mwanzo kulikuwa na malalamiko ya Wi-Fi. Asubuhi inakwenda vizuri, mchana simu zinakwama kwenye ujumbe wa kutafuta anwani ya IP. Mtu akapendekeza tununue antena kubwa. Haikuwa antena. Ruta ilikuwa inagawa anwani 50 tu, kila moja kwa saa 24. Darasa la asubuhi lilizichukua zote likaondoka nazo mifukoni. Tukapanua mgao kuanzia .20 hadi .250 na kufupisha muda kuwa saa moja, kwa shilingi sifuri. Ruta ya nyumbani ikizidi simu thelathini inaelemewa, kwa hiyo ukumbi mkubwa una ruta mbili, moja kwenye chaneli ya 1, nyingine ya 11.

Jambo jingine ni simu za Android. Zikiona Wi-Fi haina intaneti, zinarudi kimyakimya kwenye bando, na mwanachuo anaapa kwamba seva imekufa. Azime data. Tumebandika karatasi mlangoni, na bado kila muhula tunaanza na somo hilo.

Mashine ndiyo kazi nyepesi. Muhula wa pili tulikaribia kugombana kwa sababu ya umiliki wa masomo. Mkufunzi wa Nachingwea alisahihisha vizuri tu maswali kadhaa kwenye somo la Stadi za Mawasiliano, kwenye seva yake. Flashi iliyofuata kutoka Mtwara ikaja na nakala ya zamani, fundi akarejesha kwa kuchagua kufuta yaliyomo, na masahihisho yakaenda pamoja na alama za wiki tatu. Tangu hapo kila somo lina chuo kimoja tu mwenye mali. Somo la Kompyuta ni la Mtwara, Mawasiliano ya Masasi, Ujasiriamali wa Nachingwea. Asiye mwenyewe haandiki kitu, anatuma maoni kwenye kundi la wakufunzi. Faili la somo, lile la .mbz, hurejeshwa kwa kuunganisha, au kama somo jipya kabisa muhula unapoanza, na chelezo, yaani nakala ya akiba, inachukuliwa kwanza. Matoleo ya Moodle yafanane pia: faili lililotoka kwenye toleo jipya usitegemee litafunguka kwenye la zamani. Sasisheni wote wiki moja, au msisasishe.

Majina ya wanachuo yanaingizwa kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Namba ya usajili yenye mkwaju (/) haikubaliwi kuwa jina la mtumiaji, weka nukta badala yake, na herufi zote ziwe ndogo. Halafu Excel. Excel inakula sifuri za mwanzo. Tuliwapa wanachuo namba zao za simu kuwa paswedi za kuanzia, Excel ikageuza 07 kuwa 7, na chuo kizima kikafungiwa nje asubuhi moja. Ipange safu iwe ya maandishi kabla hujabandika chochote.

Flashi tunaziumbiza kwa mpangilio wa exFAT, maana ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi gigabaiti 4, na chelezo zetu zinazidi. Zinakuwa mbili zenye kitu kilekile, moja inasafiri, nyingine inabaki mpaka mpokeaji athibitishe. Kuthibitisha tunatumia sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili: mtumaji anatuma herufi nane za mwanzo kwa SMS, mpokeaji analinganisha. Mara mbili hazikufanana, na mara zote ilikuwa flashi ya bei chee iliyoandikwa GB 64 na haifiki hata 16. Alama za wanachuo zinafungwa kwa 7-Zip, programu ya kufunga mafaili, yenye paswedi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haijali kama taarifa zimepotea mtandaoni au kwenye kiti cha basi. Paswedi hutajwa kwa simu. Mwanzoni tulikuwa tunaiandika juu ya bahasha, msicheke.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Yule mwenye tai alinipigia kuuliza tunaendeleaje. Tulikuwa katikati ya majaribio ya muhula, na wanachuo walilalamikia WhatsApp tu.

Kero iliyobaki ni msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba mabasi yanajaa, na bahasha inaweza kulala stendi. Konda wetu wa siku zote aliipima mkononi mara ya kwanza, akaniuliza, "Mwalimu, nyepesi hivi, ina hela?"

"Haina hela kaka, ina masomo ya muhula mzima."

Akaitia mfuko wa shati na kutaka elfu mbili. Mnada wa kwanza wa korosho ulipofunguliwa, masomo yaleyale yakapanda hadi elfu tano.